Kelele za Dar es Salaam: namna ya kulinda usingizi, moyo na masikio, hatua kwa hatua

Muulize mkazi wa Manzese, Buguruni au Mbagala Rangi Tatu anawezaje kulala na muziki wa baa za jirani, atakujibu kwa neno moja: tumezoea. Jibu hilo linaniuma kila nikilisikia, kwa sababu ni kweli nusu tu. Akili huzoea. Ukihamia jirani na reli, baada ya miezi michache hushtuki tena treni ikipita. Mwili hauzoei hivyo. Watu waliopimwa wakiwa usingizini wameonekana mapigo ya moyo na presha vikipanda kila gari zito linapopita, na asubuhi wanaamka wakisema wamelala vizuri.

Sikio halifungwi usiku. Linaendelea kupokea, na ubongo huipokea sauti ya ghafla kama dalili ya hatari, basi mwili unamwaga homoni za kujihami, adrenalini na kortizoli, mishipa inabana, moyo unakwenda mbio. Usiku mmoja wa namna hiyo hauui mtu. Ukirudiwa miaka kumi, kumi na tano, ndipo presha inapokaa juu moja kwa moja na moyo kuanza kuchoka. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wake wa kelele za mazingira mwaka 2018. Ulitungwa kwa ajili ya Ulaya, lakini moyo wa mtu wa Ulaya na wa mtu wa Tandale ni moyo ule ule. Mwongozo huo unashauri kelele za barabarani zisizidi wastani wa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 53 kwa siku nzima na desibeli 45 kwa usiku, nje ya nyumba. Tafiti ulizozitegemea zilionyesha kwamba kuanzia hapo, kila desibeli 10 zinazoongezeka huongeza hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa takribani asilimia 8. Kwa mtu mmoja ni hatari ndogo. Kwa mkoa uliokuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, wengi wao wakiishi hatua chache kutoka barabarani, baa au karakana, ni wagonjwa wengi.

Mwongozo huu unaanzia kitandani, halafu ndipo unatoka kwenda ofisi ya mtaa. Nimeupanga hivyo kwa makusudi: ukiwa na nguvu ya kufanya jambo moja tu, okoa usingizi.

Hatua ya 1: Zijue kelele zako kwa jina na kwa saa

Kabla hujagusa dirisha wala kumfuata mtu, chukua daftari. Kwa wiki nzima, Jumatatu hadi Jumapili, andika kinachopiga kelele, kimeanza saa ngapi, kimeisha saa ngapi, na wewe ulikuwa unafanya nini: umelala, unanyonyesha, mtoto anafanya kazi za shule.

Kelele za mji huu zina ratiba. Ukikaa karibu na Barabara ya Mandela, malori ya bandarini hayajui usiku. Kipawa, Karakata na Ukonga wana ndege. Sinza na Mwenge, baa na kumbi za harusi hupamba moto kuanzia Ijumaa. Kariakoo kuna spika za wauza nguo mchana kutwa, na umeme ukikatika jenereta zinawaka mtaa mzima. Mitaa ya ndani ina mambo yake: kigodoro cha usiku kucha, mashine ya kusaga, fundi wa mageti na grenda yake, mkesha wa maombi kwenye turubai, bodaboda aliyetoboa egzosti, muuza sumu ya panya anayepita na spika iliyorekodiwa sentensi ile ile. Daftari litakuonyesha jambo ambalo kichwa chenye usingizi hakilioni: mara nyingi kinachokutesa si kelele zote kwa pamoja, ni kitu kimoja au viwili tu, kwa saa zinazojulikana. Hivyo ndivyo utakavyovishughulikia.

Pakua pia programu ya simu ya kupima sauti. Zipo za bure. Simu si kifaa cha kupelekwa mahakamani, na simu mbili zinaweza kupishana kwa desibeli kadhaa. Ila kwa kulinganisha usiku na mchana, au kabla na baada ya kuziba dirisha, inatosha kabisa. Kaa kitandani, dirisha likiwa kama linavyokuwa unapolala, nyoosha mkono, usizibe maiki kwa kidole, uache isome dakika kumi. Andika wastani, na pembeni andika kilele.

Sasa namba zenyewe zina maana gani? Desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Kuongezeka kwa 10 kunamaanisha nguvu ya sauti imekua mara kumi, na sikio huisikia kama imekuwa maradufu. Mnong'ono ni kama 30, mazungumzo ya kawaida ni kama 60, barabara yenye magari mengi 80 na zaidi, grenda inayokata chuma hukaribia 100. WHO ilishauri tangu 1999 kwamba chumba cha kulala kisizidi 30 usiku, na kwamba milipuko ya ghafla inayopita 45 humo ndani huvuruga usingizi hata kama hukuamka. Ukipata 50 kitandani saa saba usiku, usijiambie ni kawaida ya mjini.

Kuna jambo moja simu haitakuambia vizuri. Programu nyingi hupima kwa kipimo kinachopunguza sauti nzito, kwa hiyo besi ya baa inaweza kutikisa kitanda na simu ikakuonyesha namba ya upole. Weka glasi ya maji mezani. Maji yakicheza, au vioo vya dirisha vikilia, iandike hiyo pia. Kanuni za nchi zinazungumzia kelele pamoja na mitetemo, na tutaihitaji baadaye.

Hatua ya 2: Okoa usiku

Sauti hupita panapopita hewa. Ukiishika kanuni hiyo utaacha kupoteza pesa.

Zima taa usiku, mwenzako asimame nje ya mlango na tochi ya simu, apitishe mwanga pembeni na chini polepole. Kila unapoona mwanga, kelele nazo zinaingia hapo. Chini ya mlango mara nyingi unapita mkono. Funga kipande cha mpira chini ya mlango, au shona mto mrefu mwembamba wa kitenge, ujaze mchanga au vipande vya nguo, uusukume pale kila usiku. Pembeni mwa fremu ya dirisha la aluminiamu ziba kwa silikoni. Madirisha ya vioo vya luva hayazuii kelele hata yakiwa yamefungwa, kwa sababu kila kioo kina mwanya wake; ukiwa na uwezo wa kubadilisha dirisha moja tu, badilisha la chumba cha kulala linaloelekea barabarani. Yale matofali ya matundu juu ya dirisha, yaliyowekwa kuingiza hewa, ni tundu la kelele vilevile.

Hapa Dar inakuja hoja ya haki kabisa: ukiziba kila kitu, utapikika. Sikushauri ufunge nyumba nzima. Tafuta upande wenye kelele, uzibe huo tu, uache hewa iingie upande wa uani. Kama chumba kina dirisha moja na liko upande mbaya, sogeza watu, si ukuta: chumba cha barabarani kiwe sebule au stoo, kitanda kihamie nyuma. Najua familia zilizolala miaka chumba cha mbele kwa sababu ndicho kikubwa. Chumba kidogo kimya ni bora kwa kulala kuliko kikubwa chenye fujo. Kichwa cha kitanda nacho kisiegemee ukuta unaotazama spika, kwa maana besi hupita ndani ya tofali na kukufikia moja kwa moja.

Waliopanga vyumba kwenye nyumba za Uswahilini wana shida nyingine, na sijaona ikizungumzwa inavyostahili. Nyumba ina korido katikati, vyumba huku na huku, na kuta za kugawa vyumba zimeishia usawa wa dari, bali dari yenyewe haipo. Juu kuna uwazi mmoja kutoka chumba cha kwanza hadi cha mwisho, chini ya bati. Redio ya jirani haipiti ukutani, inapanda juu na kukushukia. Unaweza kupaka plasta ukutani mpaka uchoke, hutapata nafuu. Kinachosaidia ni dari ya jipsamu au mbao nyepesi juu ya chumba chako, iliyobanwa vizuri kwenye kingo. Kaa na mwenye nyumba: mara nyingi hukubali ukifanya kwa gharama yako halafu akate kwenye kodi, lakini aandike na kusaini kabla fundi hajaanza.

Feni ina kazi mbili. Inapoza, na sauti yake ya mfululizo hufunika zile za ghafla, ambazo ndizo zinazoamsha. Iwe mbali na kichwa, na ikiwa inagongagonga ipeleke kwa fundi. Kwa mtoto mchanga sauti hiyo iwe ya chini na ya mbali zaidi.

Na mambo ya kuacha. Trei za mayai ukutani hazizuii kelele kutoka nje, zinapunguza mwangwi wa ndani kidogo tu, na zinashika moto haraka. Mapazia mazito na kapeti yanafanya chumba kisivume, ila usiyategemee kuzuia baa. Mstari mmoja wa miashoki mbele ya nyumba ni mzuri kwa macho, kwa kelele hausaidii sana. Ukuta wa tofali unasaidia, mradi usiwe na matundu na uwe mrefu kiasi kwamba ukisimama kitandani huioni barabara.

Hatua ya 3: Vizibo vya masikio, na namna ya kuvivaa

Vile vizibo vidogo vya sponji vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini na baadhi ya famasi. Wengi huvijaribu usiku mmoja, wakasema havifanyi kazi. Havikuingia. Nawa mikono, kisokote kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, uvute sikio juu na nyuma ili njia inyooke, kisha kiingize na ukishikilie nusu dakika kikitanuka. Sauti yako mwenyewe ikibadilika na kuvuma ndani ya kichwa, umepatia. Kikivaliwa vizuri kinapunguza desibeli 15 hadi 30. Pamba haikukingi, inapunguza kidogo mno.

Kikichafuka au kikiwa kigumu, tupa. Mwenye sikio linalotoa usaha asivae kabisa, aende kwanza hospitali. Mzazi wa mtoto mdogo avae kimoja, sikio la upande wa mtoto libaki wazi, au mkubaliane zamu.

Hatua ya 4: Wanaoishi ndani ya kelele mchana

Usiku huharibu moyo zaidi. Mchana huharibu masikio. Ndani ya sikio kuna chembe zenye vinyweleo, takribani 15,000 kwa kila sikio, zinazogeuza sauti kuwa ujumbe wa ubongo. Zikifa hazioti tena. Hakuna dawa ya hospitali wala ya mitishamba inayozirudisha, na anayekuuzia dawa hiyo anakuibia.

Kipimo kinachotumika kazini ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda salama hukatika nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja, na 100 ni robo saa. Huna kifaa? Simama umbali wa mkono kutoka kwa mwenzako. Ikiwa lazima mpaze sauti ili msikilizane, mmeshafika eneo la hatari.

Fikiria basi fundi wa grenda pale Tabata anayekata chuma kutwa bila chochote masikioni, msaga nafaka, DJ wa ukumbini, konda anayepiga bodi la daladala na kuita abiria juu ya injini, dada anayeuza chipsi mbele ya spika ya baa. Kwa aliyeajiriwa, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri kutoa vifaa vya kinga, na wakala unaosimamia ni OSHA. Kwa aliyejiajiri, kinga ni ya kujinunulia: vifuniko vya masikio vya mtindo wa hedifoni kwa fundi, vizibo kwa muuza chipsi. Spika isogezwe. Ukiwa nje uwanjani, kila unapozidisha umbali mara mbili kutoka kwenye spika sauti hushuka kama desibeli 6. Meza ya chipsi iliyo mita mbili mbele ya spika ikihamia mita nane, muuzaji amepunguziwa desibeli 12 bila mtu kutoa shilingi.

Hedifoni nazo ni kelele ulizojichagulia. Ndani ya daladala watu hupandisha sauti ili kuishinda injini, na hapo ndipo madhara yanapoingia. WHO inaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa lugha rahisi: usivuke asilimia 60 ya sauti ya simu, na jirani yako kwenye siti asisikie wimbo wako.

Hatua ya 5: Watoto

Mtoto asiyesikia vizuri hachukuliwi kuwa hasikii. Anaitwa mzito, mtundu au mvivu. Nawaomba walimu na wazazi walitazame hili kwa makini.

Mwaka 1975 mwanasaikolojia Arline Bronzaft alichapisha utafiti wa shule moja ya Manhattan, New York, ambayo upande wake mmoja ulipakana na reli ya juu. Treni ilipita kila baada ya dakika nne na nusu hivi, na mwalimu alilazimika kunyamaza. Watoto wa darasa la sita wa upande wa reli walikuwa nyuma karibu mwaka mzima katika kusoma kuliko wenzao wa upande wa pili wa jengo lile lile. Baadaye reli iliwekewa mipira, madarasa yakapata dari ya kunyonya sauti, na alipopima tena mwanzoni mwa miaka ya 1980 tofauti ile ilikuwa imekwisha. Munich, Ujerumani, uwanja wa ndege wa zamani ulipofungwa mwaka 1992, watoto waliokuwa karibu nao waliimarika katika kusoma na kumbukumbu, na waliopelekewa uwanja mpya wakaanza kurudi nyuma.

Shule zetu ngapi ziko ukingoni mwa Barabara ya Morogoro, Nyerere, Kilwa au Mandela? Kamati ya shule inaweza kuanza bila bajeti. Darasa la kwanza na la pili, wanaojifunza kusoma, wahamie upande wa mbali na barabara. Ofisi na stoo zije mbele. Mwenye mashine au spika jirani na shule aombwe apumzike saa za masomo. Mtoto anayesikia kwa shida akae mbele. Nyumbani, tenga saa moja ya redio na runinga kuzimwa wakati wa kazi za shule.

Kwenye harusi na sherehe, mtoto mchanga asiwekwe karibu na spika hata kama amelala. Kulala kwake kusikudanganye kwamba hasikii.

Hatua ya 6: Pima

Nenda zahanati upime presha, hata kama una miaka thelathini na hujisikii vibaya. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi siku tofauti, muone daktari, na umwambie unalala wapi na saa ngapi kelele zinaisha. Wengi hawasemi, kwa kudhani si jambo la hospitali. Unayemeza dawa za presha usiziache eti sasa umeziba dirisha.

Kwa masikio, dalili za kutazama ni hizi: masikio yanalia au kuvuma baada ya kazi au muziki, unasikia watu wanaongea ila huelewi wanasema nini, hasa wakiwa wengi, sauti za watoto na wanawake zinakupotea, familia inalalamika runinga iko juu. Anzia kituo chako cha afya upewe rufaa ya kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kipimo cha usikivu hakiumi, unavaa hedifoni na kuonyesha ukisikia mlio. Walioziwika zaidi wana vifaa vya usikivu, na Muhimbili ilianza upandikizaji wa kifaa cha usikivu mwaka 2017.

Sikio likiziba ghafla, ndani ya saa au siku moja, bila mafua wala nta, hiyo ni dharura. Nenda siku hiyo hiyo. Matibabu yake hufaa zaidi yakianza ndani ya siku chache za mwanzo. Usisubiri wiki ukitia mafuta ya nazi, na usichokonoe kwa ufunguo.

Hatua ya 7: Kumfuata mpiga kelele, na kulalamika inavyotakiwa

Anza kwa mdomo, mchana, ukiwa mtulivu. Usiende saa saba usiku na hasira. Mtu amelewa, muziki unalia, mtagombana bure. Nenda saa tano asubuhi, baa inafagiliwa, mwenyewe anahesabu kreti.

"Habari za asubuhi, kaka. Mimi ni jirani yako hapo nyumba ya geti jeusi."

"Salama, mama. Karibu."

"Asante. Nimekuja kwa wema tu. Sikuambii ufunge biashara, najua una watoto. Naomba spika mbili za nje zigeukie ndani, na saa nne besi ishuke. Nina mjukuu wa miezi mitano."

"Wateja ndio wanataka muziki, mama yangu."

"Watausikia, wao wako ndani. Sisi ndio tuko nje."

Angalia alichoomba mama huyu. Hakusema tu "punguza kelele", maana neno hilo halina kipimo na kesho kila mtu atadai amepunguza. Ametaja spika zipi, zielekee wapi, saa ngapi, besi. Besi ndiyo ya kukazania, kwa sababu ndiyo inayopita kuta na kwenda mbali. Ikishushwa, mteja aliye ndani hapotezi wimbo wake. Kwa msikiti au kanisa nenda na mtu mzima anayeheshimika wa imani hiyo hiyo, na ombi liwe la spika za nje na saa, si la ibada. Mara nyingi viongozi hawajui sauti inafika wapi. Wakaribishe wakae barazani kwako wasikie.

Asiposikia mara mbili, nenda kwa mjumbe wa shina, kisha ofisi ya serikali ya mtaa. Hapo andika barua, na msiwe mtu mmoja. Majirani watano waliosaini wana uzito kuliko mmoja mwenye hasira. Barua yenyewe iwe fupi:

"Kwa Afisa Mtendaji wa Mtaa. YAH: KELELE NA MITETEMO YA MUZIKI NYAKATI ZA USIKU. Sisi wakazi tuliosaini hapa chini tunaishi ndani ya mita hamsini kutoka baa iliyopo kona ya msikiti. Kuanzia tarehe tulizoziorodhesha, muziki umepigwa kwa spika za nje kuanzia saa tatu usiku hadi saa tisa alfajiri. Vioo vya madirisha vinatetemeka. Katika nyumba zetu kuna watoto wachanga watatu, wagonjwa wa presha wawili na wanafunzi. Tulizungumza na mmiliki mara mbili bila mafanikio. Tunaomba ofisi yako iitishe kikao cha pande zote ndani ya siku saba."

Weka nakala ya daftari lako, andika namba za simu za waliosaini. Peleka nakala mbili; moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo nyumbani. Bila muhuri huo hujapeleka kitu. Siku saba zikipita kimya, barua ile ile yenye muhuri inakwenda kwa mtendaji wa kata, halafu kwa afisa mazingira au afisa afya wa halmashauri yako: Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni. Uliza pia kitengo cha leseni, maana leseni ya vileo ina saa zake, na mwenye baa huiogopa leseni kuliko faini.

Juu yao kuna NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, lenye ofisi za kanda Dar. Linasimamia Kanuni za Viwango vya Udhibiti wa Kelele na Mitetemo za 2015, lina vifaa vya kupimia vinavyokubalika kisheria, na limeshawahi kufunga baa na kumbi za starehe jijini kwa kosa hili. Nguvu yako iko kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4, kinachompa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kitaje kwenye barua. Waambie wakapime siku na saa ulizoandika kwenye daftari, kwani wakija Jumanne saa nne asubuhi watakuta kumetulia.

Kigodoro cha usiku mmoja hakihitaji mlolongo huu. Sherehe ya mtaani yenye muziki inatakiwa kuwa na kibali chenye saa ya kuisha. Mpigie mjumbe au kituo cha polisi na uulize kibali kinaishia saa ngapi. Swali hilo peke yake mara nyingi linatosha.

Ikishapungua, pima tena kitandani, uandike. Na umpitie mwenye baa umshukuru, ili mwezi ujao ukirudi asikuone adui.

Hatua ya 8: Ukihama

Dalali atakupeleka kuona nyumba saa nne asubuhi siku ya kazi. Itazame, halafu kabla ya kulipa kodi ya miezi sita rudi peke yako Ijumaa au Jumamosi saa tano usiku, na tena alfajiri. Simama chumba utakacholala kama ufunguo unapatikana, la sivyo nje ya dirisha lake. Muulize mwenye genge au mama ntilie wa jirani, si dalali: umeme ukikatika kuna jenereta ya nani, ya mnara wa simu au ya duka, ile turubai ya jirani ina mikesha siku gani, lile jengo lisiloisha litakuwa ukumbi au nyumba ya kuishi. Tazama juu uone kama chumba kina dari, au kuta za kugawa vyumba zimefika kwenye bati. Kama hakuna kati ya hayo, dari iwe sharti kwenye mkataba, na usilipe mpaka imepigwa.